Maji bila Daftari Hupotea bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaielewa maana ya maneno hayo, na karani wa chama cha ushirika anaielewa zaidi, kwa maana gunia la korosho lisiloandikwa ni sawa na gunia lililoibwa. Kila kilo ya korosho inayoingia ghalani Masasi au Newala hupimwa, huandikwa, na mkulima hupewa karatasi yake. Lakini maji anayokunywa mkulima huyo, ambayo bila hayo hakuna korosho wala mkulima, hayajapewa heshima hiyo. Yanachimbwa, yanasukumwa, yanagawiwa, kisha yanaachiwa Mungu.

Lazima isemwe wazi tangu mwanzo kwamba hapabishaniwi kama wananchi wa kusini wanahitaji maji. Jambo hilo lilikwisha amuliwa zamani. Kinachopingwa ni kasumba iliyoota mizizi maofisini, ya kudhani kwamba kazi ya maji huisha siku ile utepe unapokatwa na ngoma kupigwa. Ukweli ni kinyume. Siku hiyo ndiyo kazi inayoanza, na kazi yenyewe ni ya kupima: kupima kila siku, kila mwezi na kila mwaka, kwa mpango uliofikiriwa kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Watu juu, maji chini

Newala imekaa juu ya Uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi hukatika na kuteremka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Mvua ya huko si haba. Katika mwaka wa kawaida hufikia karibu milimita 1,000, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Lakini udongo wa uwandani ni wa kichanga, nao huyameza maji mara yanapoanguka. Mvua huzama, hupita chini kwa chini katika kina kirefu, kisha hutokeza miguuni mwa miteremko na katika mabonde. Kwa hiyo watu wanaishi juu na maji yanaishi chini. Hali hiyo si ngeni. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya watu wa kusini, aliwakuta Wamakonde wakiishi mbali na maji, wakiyafuata mabondeni na kuyapandisha kwa nguvu za miguu yao.

Masasi ni habari nyingine. Mji huo uko magharibi mwa uwanda, katika nchi ya chini yenye vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama walinzi. Huko mwamba mgumu uko karibu, na maji ya kisima hukaa katika nyufa za mwamba na katika tabaka la mawe yaliyooza juu yake. Kisima kimoja hutoa maji mwaka mzima, na kingine kilichochimbwa hatua mia tatu kutoka hapo hakitoi kitu. Mtu anayepima maji ya Masasi kwa desturi za Newala, au ya Newala kwa desturi za Masasi, atapotea na kuwapoteza wenzake.

Pamoja na tofauti hiyo, wilaya hizo mbili zina jambo moja linalofanana, nalo ndilo linalopaswa kumnyima usingizi kila mpangaji. Mji wa Masasi, pamoja na jirani yake Nachingwea, hutegemea chanzo cha Mbwinji. Newala, pamoja na Tandahimba iliyomegwa kutoka humo, na vijiji vya upande wa Nanyamba, hutegemea visima vya Mitema katika bonde la Kitangari, ambako mitambo huyasukuma maji kupanda mamia ya mita hadi uwandani. Vyanzo viwili, na umma mkubwa umeegemea juu yake. Mitema ikipungua, hakuna mto wa jirani wa kukimbilia. Itabaki ile njia ya mwaka 1906, yaani ndoo kichwani na miguu mlimani.

Sasa aulizwe mtumishi yeyote wa umma aliyeko Newala, au mwalimu yeyote anayewafundisha watoto jiografia ya nchi yao: je, maji ya Mitema yalisimama katika kina gani mwisho wa kiangazi kilichopita? Je, yamepanda au yameshuka kulinganisha na miaka kumi iliyopita? Je, namba hiyo imebandikwa katika ubao gani wa matangazo? Bei ya korosho ya mnada uliopita kila mtu anaijua kwa moyo. Watu wanaojua bei ya mazao yao na wasijue hali ya kisima chao hawajatendewa haki.

Kila kizazi na ujenzi wake

Hakuna awezaye kudai kwamba eneo hili limesahauliwa katika ujenzi. Katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, liliundwa Shirika la Maji la Makonde, ambalo lilisukuma maji hadi uwandani na kuwauzia wananchi. Mwaka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru, nchi ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Kati ya mwaka 1974 na 1977 wataalamu kutoka Finland walitayarisha mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na tangu 1978 hadi 1993 nchi hiyo ikasaidia kujenga visima vifupi vyenye pampu za mkono, pamoja na miradi ya mabomba. Mwaka 2006 ikaanza Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji. Mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Juni 2022 ikasainiwa mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Exim ya India, na Makonde ni mojawapo ya maeneo yaliyomo.

Orodha hiyo ni ya heshima. Lakini ikisomwa kwa makini inaonyesha ugonjwa. Kila kizazi kilikuja na wapimaji wake. Walipima udongo, walipima mito, walichimba visima vya majaribio, wakaandika vitabu vinene. Kisha ujenzi ukafanyika, na ujenzi ulipokwisha kupima kukaisha pia, kwa sababu kupima kulihesabiwa kuwa sehemu ya kujenga, si sehemu ya kutunza. Vitabu vikaingia makabatini. Kizazi kilichofuata kikaanza upya na wapimaji wapya, mara nyingi kwa fedha za mkopo au za msaada, kuuliza maswali yale yale juu ya ardhi ile ile. Huko si kupanga. Huko ni kusahau kwa gharama kubwa.

Lengo la mwaka 1991 halikufikiwa. Sababu zake zinajulikana na baadhi yake hazikuwa na mwenye lawama hapa nchini: bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula akiba ya taifa, na mitambo ya dizeli ikasimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Lakini iko sababu moja iliyokuwa ndani ya uwezo wa nchi yenyewe. Hakukuwa na utaratibu imara wa kujua, mwezi kwa mwezi, kipi kinafanya kazi na kipi kimekufa. Pampu ilikufa kijijini, nayo ikaendelea kuishi katika taarifa ya mkoa.

Asilimia zisizonywesha mtu

Kati ya mwaka 2010 na 2013 Wizara ya Maji ilifanya kazi ya kusifiwa. Iliwatuma watu kwenda kuviona vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima, kimoja baada ya kingine. Matokeo yalikuwa machungu. Takribani vituo vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoshika mkia: vituo vilivyokuwa vikifanya kazi sawasawa katika mikoa hiyo vilikuwa karibu theluthi moja tu. Ikumbukwe kwamba hii ndiyo mikoa iliyotengenezewa mpango mkuu miaka ya 1970, ikapata visima na pampu kwa miaka 15 mfululizo.

Iliwezekanaje theluthi mbili ya mali ya umma kuwa mbovu na taarifa ziendelee kupendeza? Jibu liko katika hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka vipimo vya huduma ya vijijini: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Vipimo hivyo ni vizuri kwa mhandisi anayechora mradi. Vinageuka kuwa hatari vinapotumiwa na karani anayetaka kujua ni watu wangapi wamepata maji. Kijiji chenye watu 2,500 na vituo 10 huandikwa kwamba kimehudumiwa kwa asilimia 100. Vituo vinne vikinyamaza, watu 1,000 wamerudi bondeni, au wote 2,500 wamesongamana katika vituo sita, yaani watu zaidi ya 400 kwa kila kimoja. Lakini kama hakuna aliyekwenda kuangalia, ile mia hubaki mia. Asilimia ya namna hiyo haimnyweshi mtu.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, yameongeza ukali wa kipimo. Katika lengo la sita, mtu hahesabiwi kuwa amepata hata huduma ya msingi ikiwa kwenda kuchota, kungoja foleni na kurudi kunamchukua zaidi ya dakika 30. Na huduma kamili ni ile ya maji yaliyofika nyumbani, yanayopatikana wakati yanapohitajika, na yasiyo na uchafu unaodhuru. Mama wa uwandani anayengoja saa mbili mbele ya bomba lililo mita 100 kutoka mlangoni kwake amehudumiwa kwa hesabu ya mita. Kwa hesabu ya dakika hajahudumiwa. Taifa haliwezi kutia sahihi ahadi ya dakika mbele ya dunia na kuendelea kujipima kwa mita tu nyumbani.

Visingizio na majibu yake

Wako wanaosema kwamba wananchi wana kiu ya maji, hawana kiu ya takwimu. Maneno hayo hupigiwa makofi mikutanoni, nayo yana sura ya huruma. Lakini tabibu anayegawa dawa bila kupima homa hana huruma kwa mgonjwa. Ana haraka tu ya kumaliza foleni. Kila shilingi inayotumika kuchimba kisima mahali ambapo maji yanashuka ni shilingi iliyotupwa, na anayelipa ni yule yule mwenye kiu.

Wengine husema kwamba kupima ni ghali. Hebu gharama zilinganishwe. Utepe wa kupimia kina cha kisima ni kifaa cha kubebwa mkononi. Kipima mvua ni chombo ambacho shule yoyote inaweza kukitunza. Dira ya maji ni kitu cha kawaida katika nyumba za mjini. Kwa upande mwingine, maji yakishuka chini ya pampu kisimani bila mtu kujua, pampu husukuma hewa, hupata joto na kuungua, na umma huingia gharama ya kununua nyingine. Tena nchi haikukosa mahali pa kuanzia. Mfuko wa Taifa wa Maji uliwekewa tozo ya shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwananchi aliyekwisha changia mradi kwa nauli ya basi ana haki ya kudai kwamba sehemu ndogo ya mchango huo, iliyotajwa waziwazi katika makisio, itumike kujua kama mradi wenyewe ungali hai.

Wako pia wanaosema kwamba hiyo ni kazi ya wataalamu, na raia wa kawaida hana nafasi. Hii ndiyo kasumba mbaya kuliko zote, kwa kuwa inamfanya mwananchi mgeni katika kisima chake mwenyewe. Mtaalamu anahitajika, tena sana, kupanga mahali pa kupimia, kukagua vifaa na kusoma maana ya namba. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuwa katika vijiji mia siku moja. Namba za kila siku huandikwa na mtu anayeishi pale.

Daftari lenye safu tano

Mpango wa kupima maji ya Masasi na Newala hauhitaji maneno makubwa. Unahitaji daftari lenye safu tano, litunzwe bila kukosa.

Safu ya kwanza ni mvua, kwa sababu ndiyo pato, na mengine yote ni matumizi. Safu ya pili ni kina cha maji ardhini. Hapa pana mtego. Kisima kinachosukumwa mchana kutwa husema uongo, maana maji yake hushuka pampu inapofanya kazi na kupanda inapopumzishwa. Ndiyo maana kila eneo la visima linastahili kuwa na kisima cha uchunguzi kisichowekwa pampu, kazi yake iwe kupimwa tu. Mpangaji asiyeelewa faida yake atakiona kisima hicho kuwa anasa. Kwa hakika ndicho jicho la mradi.

Safu ya tatu ni kiasi kinachosukumwa na kiasi kinachowafikia watu. Dira ikiwekwa chanzoni na nyingine zikawekwa matangini, tofauti ya hesabu zake itaeleza ni maji kiasi gani yanapotea njiani. Kuyapandisha maji mlimani kwa umeme wa kulipia, kisha kuyaacha yavuje katika bomba lililochakaa, ni dhambi ya kiuchumi.

Safu ya nne ni usafi. Uwandani watu wengi wenye nyumba za bati huvuna maji ya mvua na kuyaweka katika matangi yaliyochimbwa ardhini. Hiyo ni hekima ya wenyeji iliyowaokoa watu miaka mingi. Lakini tangi la ardhini lisilofunikwa vizuri hupokea vumbi na uchafu wa paa, na maji meupe kwa macho yanaweza kuwa na vimelea. Visima vifupi vya upande wa Masasi vilivyo karibu na vyoo vina hatari hiyo hiyo. Maji haya yapimwe, na mwenye nyumba aambiwe matokeo, naye afundishwe jinsi ya kuyatibu.

Safu ya tano ni uhai wa kituo: je, leo kinatoa maji au hakitoi, na kama hakitoi, ni siku ya ngapi? Safu hii ni nyepesi kuliko zote, na kwa mama mwenye ndoo ndiyo yenye maana kuliko zote.

Faida ya daftari refu imekwisha onekana hapa hapa nchini. Visima vya Makutupora, vinavyoipatia maji Dodoma, vilipimwa kina chake tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55, nao ukaonyesha jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulijua kwa kupima mwaka mmoja au miwili. Maji ya ardhini huko hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa sana, kisha huliwa kwa miaka mingi kama akiba ya ghalani. Mpangaji wa Dodoma ana msingi wa kuamua ni kiasi gani kisukumwe katika miaka ya ukame, kwa sababu watumishi wasiojulikana majina yao walishusha vipimo kisimani na kuandika namba, mwaka hadi mwaka. Mchanga wa Makonde si mwamba wa Dodoma, na huenda sheria yake ni nyingine kabisa. Hiyo ndiyo sababu Mitema na Mbwinji zinastahili daftari lao wenyewe, refu na lisilokatika.

Na namba zinapotangazwa, watu hubadilika. Mwaka 2018 jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilikaribia siku ya kufunga mabomba. Hali ya mabwawa ilitangazwa waziwazi wiki hadi wiki, na kila mkazi alijua kilichobaki. Matumizi ya maji yakashuka kwa takribani nusu kulinganisha na mwaka 2015, na siku ile ya kuogopwa haikufika. Watu wanaweza kujinyima wakionyeshwa ukweli. Hawawezi kujinyima kwa ajili ya siri ya ofisi.

Mwalimu, mtendaji na bonde

Sheria si kikwazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua bodi za maji za mabonde, na Bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ndiyo inayohusika na maji ya Masasi na Newala. RUWASA inahusika na vijiji, na mamlaka za maji zinahusika na miji. Hatari iliyopo ni kwamba kila mmoja atakuwa na daftari lake, halafu madaftari hayo yasisalimiane. Kisima ni kimoja. Namba zake ziwe mahali pamoja, na kila ofisi izisome hapo.

Walimu wana nafasi yao katika kazi hii. Shule ya msingi yenye kipima mvua uwanjani ina maabara. Mtoto wa darasa la sita anayetafuta wastani wa mvua ya kijiji chake kwa miezi sita hujifunza hesabu, jiografia na uraia kwa mkupuo mmoja, naye hukua akijua kwamba maji yana mwisho. Wasiwasi kwamba walimu wana kazi nyingi ni wa haki, na posho na vifaa visiwe ahadi za mdomoni. Lakini asidharauliwe mwananchi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Hawakuwa na simu mfukoni wala kompyuta. Taifa lililoweza hayo haliwezi kushindwa kusoma kipimo cha mvua saa tatu asubuhi.

Afisa mtendaji wa kijiji naye ana wajibu wake. Katika kila mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya mambo mengine, yasomwe maneno machache: vituo vingapi vinatoa maji, vingapi havitoi, tangu lini, na fedha za maji zilizokusanywa ni kiasi gani. Yabandikwe pia ubaoni. Namba inayokwenda juu tu, kutoka kijijini hadi wilayani, mkoani na Dodoma, bila kurudi chini kwa wenyewe, ni aina nyingine ya kodi.

Na hapa liko onyo kwa wakubwa. Kama mtendaji atakayeandika kwamba vituo vinne vimekufa atakaripiwa mbele ya wageni, na jirani yake aliyeandika uongo atapewa cheti, basi baada ya mwaka mmoja wilaya nzima itakuwa na asilimia 100 na hakuna maji. Anayeadhibiwa kwa kusema kweli hujifunza haraka kusema uongo. Namba mbaya iliyoletwa kwa wakati ipokelewe kwa shukrani na fundi atumwe. Anayestahili kuulizwa kwa ukali ni yule aliyepelekewa namba mbaya akakaa juu yake.

Kupanga ni kuchagua

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano kwa hotuba iliyojulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Funzo hilo halijazeeka. Fedha hazitoshi na hazitatosha kamwe kwa kila jambo. Lakini miongoni mwa machaguo yote, chaguo la kujenga bila kupima ndilo ghali kuliko yote, kwa kuwa humlipisha mwananchi mara tatu: anapojenga, kinapokufa, na kinapojengwa tena.

Basi kila mradi wa maji wa Masasi na Newala, uwe wa fedha za ndani au wa mkopo, uulizwe maswali haya kabla haujapitishwa. Kisima cha uchunguzi kiko wapi? Dira zitawekwa wapi? Nani atapima, kwa posho ipi, kutoka fungu gani? Namba zitabandikwa wapi, na tarehe gani? Mradi usio na majibu urudishwe kwa waliouandika. Madiwani wana uwezo wa kuuliza hivyo. Maofisa mipango wana uwezo wa kukataa saini zao. Vyombo vya watumiaji maji vina haki ya kudai nakala.

Malengo ya dunia yana mwaka wake, nao ni 2030. Dira ya Taifa iliyozinduliwa mwaka 2025 ina wake, nao ni 2050. Deni la visima na mabomba yanayojengwa leo litalipwa na watoto walioko darasani hivi sasa. Si haki kuwarithisha deni hilo pamoja na mabomba bila daftari linaloonyesha kilichokuwamo ardhini. Msimu wa mvua ukianza, kipima mvua kiwe kimekwisha simamishwa uwanjani, na ukurasa wa kwanza wa daftari uwe umekwisha chorwa mistari yake.